Kamera na vifaa vya kufuatilia mabasi: vinamlinda abiria kwa kiasi gani?

Ukipanda basi la mkoani siku hizi, unaweza kuona kamera ndogo juu ya dereva, nyingine katikati ya basi, na maandishi yanayosema kuwa gari hili linafuatiliwa. Abiria wengi wakiona hivyo hujisikia salama. Wengine hujiuliza: hizo picha zinakwenda wapi? Nani anazitazama? Na nikiibiwa usiku katikati ya pori, je, kamera itanisaidia?

Makala haya yanaeleza vifaa hivyo vinavyofanya kazi, mambo vinavyoweza na visivyoweza kufanya, na hatua ambazo abiria anaweza kuchukua ili vimsaidie. Jibu fupi ni hili: kifaa peke yake hakimzuii mwizi. Kinasaidia pale mtu anapozitazama taarifa zake kwa wakati, na pale abiria anapotoa taarifa mapema na kwa usahihi.

Vifaa vyenyewe ni vipi?

Vipo vya aina tatu, na ni vizuri kuvitofautisha.

Cha kwanza ni kifaa cha kufuatilia mwenendo wa gari. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya gari, mara nyingi mahali ambapo abiria hakioni. Hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti na kujua gari liko wapi na linakwenda kwa mwendo gani. Kisha hutuma taarifa hizo ofisini kupitia laini ya simu iliyomo ndani yake. Gari likiingia eneo lisilo na mtandao, kifaa hutunza taarifa na kuzituma mtandao unaporudi. Kwa hiyo kwenye pori refu lisilo na minara ya simu, aliyeko ofisini huona kilichotokea baadaye, si wakati uleule. Na kifaa hiki hakioni sura ya mtu wala hakisikii kelele. Kinajua gari tu.

Cha pili ni kamera. Kwenye mabasi mengi picha hazitumwi popote. Hutunzwa kwenye kisanduku cha kurekodia kilichomo ndani ya basi lenyewe. Kisanduku kikijaa, picha mpya hufuta za zamani. Inaweza kuwa baada ya siku chache au wiki kadhaa, kulingana na ukubwa wa kisanduku na idadi ya kamera. Hili ni jambo muhimu kwa abiria, na tutalirudia.

Cha tatu ni kitufe cha dharura, ambacho abiria au dereva hukibonyeza akiwa hatarini. Kitufe hiki hakijaenea sana kwenye mabasi ya kwetu, lakini nchi nyingine zimekifanya kuwa cha lazima. Kazi yake inategemea swali moja: ukikibonyeza, nani anapokea, na anaweza kukufikia kwa muda gani?

Tanzania: mabasi ya usiku na ufuatiliaji

Nchini Tanzania, kazi ya kusimamia mabasi iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mamlaka hiyo inaendesha mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, unaojulikana kwa kifupi kama VTS. Basi la masafa marefu likizidi mwendo unaoruhusiwa, ambao ni kilomita 80 kwa saa, mfumo huonyesha. Likisimama muda mrefu mahali pasipo kituo, hilo nalo linaweza kuonekana.

Mfumo huu ulipata uzito zaidi mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku. Safari za usiku zilikuwa zimezuiwa tangu miaka ya 1990, kwa sababu ya ajali na ya majambazi waliokuwa wakiteka mabasi barabarani. Watu wengi wa mikoa ya mbali walilala njiani, kwenye stendi au nyumba za wageni, na wengine waliibiwa hukohuko. Sasa mabasi ya usiku yanatakiwa kuwa na kifaa cha kufuatilia kinachofanya kazi, na madereva hutumia kitufe maalumu cha utambuzi kinachoonyesha nani yuko kwenye usukani.

Faida kwa abiria ipo. Dereva anajua anaonekana, kwa hiyo ana sababu ya kupunguza mwendo. Basi likitekwa au likipata ajali, mahali lilipo panajulikana. Ndugu akisema mtu wake alipanda basi fulani na hakufika, mamlaka inaweza kuangalia basi hilo lilipita wapi na lilisimama wapi.

Lakini tuelewe mpaka wake. Mfumo huu unafuata gari na dereva. Haumfuati mtu aliyekaa kiti cha nyuma yako anayekungoja usinzie. Kwa mtu huyo, kinachohitajika ni kamera, kondakta aliye macho, na abiria wenzako.

Funzo kutoka Delhi

Tukio lililobadilisha mawazo ya watu wengi duniani kuhusu usalama wa abiria lilitokea Delhi, India, usiku wa tarehe 16 Desemba 2012. Msichana mmoja na rafiki yake wa kiume walipanda basi la mtu binafsi wakirudi nyumbani. Ndani walikuwamo wanaume sita, akiwemo dereva. Walimpiga kijana, wakambaka msichana na kumjeruhi vibaya, kisha wakawatupa wote wawili barabarani. Msichana alifariki tarehe 29 Desemba hospitalini Singapore. Wanne kati ya wahalifu walinyongwa mwezi Machi 2020.

Kwa mada yetu, kuna mambo mawili ya kuzingatia.

Jambo la kwanza ni jinsi basi lilivyopatikana. Ndani ya basi hapakuwa na kamera iliyosaidia. Polisi walitazama picha za kamera ya hoteli iliyokuwa kando ya barabara, karibu na mahali majeruhi walipotupwa. Waliona basi jeupe likipita mara mbili, likiwa na maandishi ubavuni. Kwa alama hizo walilitambua na kuanza kuwakamata wahusika. Kamera haikumwokoa msichana yule, lakini ilifanya wahalifu wasitoweke.

Jambo la pili linauma zaidi. Jioni hiyohiyo, kabla ya msichana yule kupanda, watu haohao walikuwa wamempakia fundi seremala kwenye basi hilohilo, wakamwibia na kumshusha barabarani. Basi likaendelea kuzunguka. Kati ya tukio la kwanza na la pili ulikuwepo muda ambao basi hilo lingeweza kusimamishwa, kama taarifa ya wizi ule ingefika kwa mtu na mtu huyo akachukua hatua.

India ilianzisha mfuko maalumu wa serikali kwa ajili ya usalama wa wanawake mwaka 2013. Kuanzia tarehe 1 Januari 2019, magari mapya ya abiria nchini humo yanatakiwa kuwa na kifaa cha kufuatilia na vitufe vya dharura. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, basi la Delhi halikuwa na ruhusa ya kubeba abiria usiku ule. Sheria ya vifaa huligusa gari lililosajiliwa kufanya kazi hiyo. Gari la wizi, au gari binafsi linalookota abiria usiku, linaweza kuwa nje ya mfumo wote.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa msafiri ni wa zamani kuliko kamera: panda gari lililosajiliwa, panda stendi, na chukua tiketi.

Nairobi: picha ya simu iliyokata pande mbili

Mwaka 2014, video iliyorekodiwa kwa simu ilisambaa nchini Kenya. Ilionyesha mwanamke akivuliwa nguo kwa nguvu ndani ya matatu na wanaume, wakiwemo wahudumu wa gari hilo. Video nyingine za aina hiyo zilionekana siku zilezile, na mwezi Novemba mamia ya wanawake waliandamana Nairobi kupinga unyanyasaji huo. Bunge lilibadilisha sheria mwaka huohuo na kulitaja tendo la kumvua mtu nguo kuwa kosa. Mwezi Julai 2017, wanaume watatu katika kesi ya matatu hiyo walitiwa hatiani mahakamani Nairobi.

Bila video, huenda kesi isingepata uzito ule. Lakini video hiyohiyo ilimwonyesha mama wa watu akidhalilishwa, na maelfu ya watu waliitazama na kuitumiana. Aliumizwa kwenye gari, kisha akaumizwa tena kwenye simu za watu asiowajua.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Picha ni ushahidi ikifika mikononi mwa polisi na mahakama. Ikifika kwenye makundi ya WhatsApp, inakuwa adhabu kwa aliyeonewa.

Kamera inazuia nini hasa?

Tafiti zilizofanywa kwa miaka mingi, hasa Uingereza na Marekani, zinaonyesha kuwa kamera hupunguza zaidi wizi unaopangwa, kama ule wa magari kwenye maegesho. Hazifanyi vizuri hivyo dhidi ya ugomvi na mashambulizi ya ghafla, kwa sababu mtu mwenye hasira au aliyelewa hafikirii kamera.

Mjini London, vituo vya treni vilikuwa na kamera nyingi tarehe 7 Julai 2005, siku watu wanne walipojilipua ndani ya treni za chini ya ardhi na basi. Watu 52 waliuawa. Kamera hazikuzuia mashambulizi. Zilichosaidia ni polisi kuwatambua wahusika na kujua walivyosafiri asubuhi ile.

Kwa msafiri wa kwetu, mfano ulio karibu ni wizi wa dawa. Jirani wa kiti anakuwa mchangamfu, anakukaribisha biskuti, juisi au soda. Unazinduka mwisho wa safari au hospitalini, pesa za mazao na simu hazipo. Kamera haiwezi kujua kuwa ndani ya biskuti kuna dawa. Lakini inaweza kuonyesha nani alikaa kando yako, alipandia wapi na alishukia wapi. Tiketi za mtandao zenye namba ya kiti nazo husaidia, ingawa mwizi anaweza kuandikisha jina la uongo. Sura yake hawezi kuiandikisha kwa uongo.

Ufanye nini ili vifaa hivi vikusaidie?

Kabla ya kuondoka:

Soma namba ya gari na uitume kwa ndugu kwa ujumbe mfupi, pamoja na jina la kampuni, namba ya kiti na saa ya kuondoka. Hata simu ya kitochi inatosha. Simu yako ikiibiwa, taarifa hiyo inabaki kwa ndugu.

Tunza tiketi. Ndiyo inayokuunganisha wewe na basi hilo, kiti hicho na siku hiyo. Ukilipa mkononi bila tiketi, itakuwa vigumu kuthibitisha kuwa ulikuwemo.

Ukibeba fedha nyingi, fikiria kuziweka kwenye simu au benki kabla ya safari. Mzigo unaokwenda kwenye buti upewe lebo au stakabadhi.

Ukiwa safarini:

Usipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa usiyemjua. Kukataa kwa heshima si kosa: “Asante ndugu yangu, nimeshiba.”

Mtu akikusumbua au kukushikashika, sema kwa sauti ili abiria wengine na kondakta wasikie. Omba kuhamishiwa kiti kingine. Dada au mama anayesafiri peke yake anaweza kuomba kiti karibu na dereva, mahali ambapo mara nyingi kamera huelekezwa.

Ukiona dereva anakimbiza gari au anasimama mahali pa kutia shaka, angalia namba za mamlaka na za polisi zilizobandikwa ndani ya basi au kwenye tiketi. Namba ya dharura ya polisi ni 112 Tanzania, na 999 au 112 Kenya. Taja namba ya gari kwanza, kisha mahali, kisha tatizo. Simu ikikatika, angalau gari litajulikana.

Ukirekodi kwa simu, tazama usalama wako kwanza. Majambazi wenye silaha wasikuone ukishika simu. Kukariri sura, mavazi na lugha waliyoongea ni ushahidi pia.

Baada ya tukio:

Toa taarifa siku hiyohiyo. Kama tulivyosema, kisanduku cha kurekodia kikijaa kinafuta. Anayekwenda polisi baada ya wiki tatu anaweza kukuta picha za siku yake hazipo tena. Polisi wanaweza kuitaka kampuni ihifadhi picha za safari fulani, lakini hawawezi kutaka picha ambazo hazipo tena. Ukipewa namba ya RB, au namba ya OB kwa Kenya, itunze na uitumie kila unapofuatilia.

Taja saa kwa uangalifu. Hapa watu wengi hukosea. Kamera haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa 2 usiku kwetu ni 20:00 kwenye kamera, na saa 8 usiku ni 02:00. Ukisema “saa 2” bila kueleza, anayetafuta picha anaweza kutazama saa 2 ya asubuhi na kusema hakuona kitu. Kama huna uhakika wa saa, taja mahali: “Tulikuwa tumetoka mzani, hatujafika stendi.” Kifaa cha kufuatilia gari kitaonyesha basi lilipita hapo saa ngapi.

Aliyeshambuliwa kingono apelekwe hospitali mapema, na asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa na daktari. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya kuna namba ya bure 1195 kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia. Kwa watoto, namba ni 116 katika nchi zote mbili.

Video uliyorekodi mpelekee polisi moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyorekodi, na usiifute. Ukiituma kwa WhatsApp ubora wake unapungua, na taarifa za siku na saa ya kurekodiwa zinaweza kupotea. Usiiweke kwenye makundi, hasa ikionyesha mtu aliyeumizwa au aliyevuliwa nguo. Kusambaza picha za namna hiyo kunaweza kukufanya wewe uwe mshitakiwa.

Picha zako ni za nani?

Kamera inayokulinda inakuona wewe pia: umekaa na nani, umeshukia wapi, umelala vipi. Kondakta au mfanyakazi wa ofisi akizichukua picha hizo na kuzirusha mtandaoni kwa kicheko, kifaa cha ulinzi kimegeuka kuwa hatari.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Kwa lugha nyepesi, sheria hizi zinataka anayekusanya taarifa zako akujulishe, azitumie kwa kazi aliyosema, na azitunze zisivuje. Una haki pia ya kuuliza ana taarifa gani kukuhusu. Kampuni inaweza kukataa kukukabidhi picha zinazoonyesha abiria wengine, na hilo ni sawa, lakini haina sababu ya kukataa kuzihifadhi kwa ajili ya polisi.

Vijijini ambako hakuna kamera

Safari nyingi za wasikilizaji wetu haziishii kwenye lami. Ukishuka basi saa 9 usiku, bado kuna bodaboda au gari dogo hadi kijijini. Huko hakuna kamera wala setilaiti inayokufuata.

Huko ufuatiliaji unafanywa na watu. Vijiwe vya bodaboda vilivyojisajili, vyenye uongozi na madereva waliovaa vizibao vyenye namba, vinamwezesha abiria kusema “nilibebwa na namba 12 wa kijiwe fulani.” Serikali ya kijiji inaweza kuwa na orodha ya madereva hao na namba za pikipiki zao. Ndugu anayekusubiri anaweza kuongea na dereva kwa simu kabla hamjaondoka, ili dereva ajue kuna mtu anayejua uko naye. Na kama basi litafika usiku wa manane, uliza mapema kama kampuni inaruhusu abiria kubaki ndani ya gari au kwenye ofisi yao hadi kupambazuke.

Hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachohitaji bando. Kinachohitajika ni namba ya gari iliyoandikwa kabla ya safari kuanza, na mtu wa pili anayeijua.